Ni Nani wa Kuyatibu Magoti Yetu?

Miaka hii viti vimezidi misikitini. Pembezoni mwa safu twawaona wazee wetu, na hata watu wa makamo, wakisali juu ya viti kwa kuwa magoti hayakubali tena kusujudu. Sharia imewapa ruhusa hiyo, wala hatumlaumu mwenye udhuru. Linalotusikitisha ni kuwa wengi wao hawajapata kuonana na mtu aijuaye kazi ya viungo. Waliambiwa na jirani kwamba mafuta ya goti yamekwisha, wakanunua chupa za mafuta ya kuchua, kisha wakayapokea maumivu kana kwamba ni ada ya uzee isiyo na dawa.

Yafaa ijulikane kuwa goti lililosagika gegedu lake halirudi kuwa la kijana. Lakini nguvu za misuli ya paja hurudi, hata kwa mtu wa miaka 70, na misuli hiyo ndiyo ilisaidiayo goti kuuchukua mwili. Kwa hiyo matabibu wa leo huyatanguliza mazoezi mbele ya dawa nyingi, pamoja na kupunguza mwili kwa aliyenenepa: kila kilo 1 ipunguayo, goti hupunguziwa mzigo wa kiasi cha kilo 4 katika kila hatua.

Elimu hii huitwa fiziotherapia. Mwenye kuisomea hukaa miaka chuoni, kama vile KCMC kule Moshi, au KMTC nchini Kenya. Huyo si sawa na mkandaji wa mtaani, ingawa mkandaji naye mkono wake hutuliza. Kenya ilitunga sheria mwaka 2014 ya kuwaandikisha watu wa kazi hii na kuwapa leseni. Basi mtu asione haya kuiulizia leseni. Sisi walimu wa madrasa huulizwa tumesoma kwa nani, wala hatukasiriki.

Walakini leseni peke yake haitoshi. Mtazame siku ya kwanza. Je, amekuuliza maumivu yalianza lini, na yakuzuia jambo gani? Amekutazama ukitembea na ukiinuka kitini, akapima na nyonga na nyayo? Au amekulaza tu, akakuwashia taa ya joto, akaenda zake chumba cha pili? Taa na mashine za umeme huweza kutuliza kwa muda. Hazimtii mtu nguvu. Akuuziaye siku 10 za taa bila ya kukufundisha zoezi hata moja la kufanya nyumbani, mwache.

Nawe mweleze waziwazi haja yako: kukaa tahiyatu, kuinuka kutoka sijda, kupanda ngazi, kuchuchumaa chooni. Mtaalamu mwema ataifanya haja hiyo kuwa shabaha ya tiba. Atapima goti lakunjika kiasi gani leo, na baada ya majuma 6 atapima tena. Ataanza na mepesi: kukaa kitini na kuunyosha mguu, kisha kuinuka na kukaa pasi na kujishikiza. Maumivu machache wakati wa zoezi hayana dhara. Yakizidi hata kufikia asubuhi ya pili, zoezi lipunguzwe, lisiachwe. Na akuahidiye kupona kwa siku 3, jihadhari naye.

Mama zetu wengi hukataa kwenda kwa kuona haya kufunua mguu mbele ya mwanamume. Wanawake wamo katika kazi hii. Na aombwe mmoja wao mapema. Akikosekana, suruali pana iwezayo kupandishwa hadi gotini yatosha mara nyingi, na binti yake akae naye chumbani. Haya isiwe sababu ya mama kulemaa ndani ya nyumba.

Ama goti lililovimba ghafula likawa la moto, pamoja na homa. Au lililokwama lisikunjuke baada ya kuanguka. Au mguu usiokanyagika kabisa: hilo lipelekwe kwa daktari siku ile ile, kabla ya zoezi lolote.