Kamera Haioni Rangi

Mwaka 1975, katika maabara ya Kodak mjini Rochester, Marekani, mhandisi kijana Steven Sasson alipiga picha kwa mtambo aliouunda mwenyewe, wenye uzito unaokaribia kilo 4. Ilichukua sekunde 23 kuandika picha hiyo kwenye mkanda wa kaseti, kaseti zilezile za muziki. Ilipoonyeshwa kwenye runinga ilikuwa nyeusi na nyeupe, yenye nukta 10,000 tu.

Simu ya leo ina nukta, yaani pikseli, kwa mamilioni, lakini kanuni ni ileile. Nyuma ya lenzi kuna kipande cha silikoni kilichogawanywa vyumba vidogo mno. Mwanga ukiingia chumbani hung'oa elektroni, na kadiri unavyozidi ndivyo elektroni zinavyoongezeka. Chaji hiyo hupimwa, kisha huandikwa kama namba.

Tatizo ni kwamba silikoni hupima wingi wa mwanga tu, rangi haizitambui. Ufumbuzi ulitoka Kodak hukohuko, kwa Bryce Bayer, aliyetandaza vichujio juu ya pikseli: nusu kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kijani kilipewa fungu kubwa kwa sababu jicho la binadamu ni jepesi zaidi kwa rangi hiyo.

Sasa mtu apige picha ya kanga nyekundu. Pikseli iliyofunikwa na kichujio cha buluu haikupima wekundu huo. Kompyuta ndogo ya kamera huukadiria kwa kuangalia pikseli jirani. Kwa hesabu hiyo, theluthi mbili za rangi zilizomo pichani ni makisio. Mara nyingi ni makisio hodari. Yakikosea, shati la mistari myembamba huota rangi ambazo fundi cherehani hakuziona kamwe.

Kisha kuna suala la nafasi. Picha ya pikseli milioni 12, kwa baiti 3 kila pikseli, ingekula megabaiti 36. Mfumo wa JPEG, uliotoka mwaka 1992, huikata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale ambayo jicho halitagundua kuwa hayapo, hadi zibaki megabaiti chache. Kilichotupwa hakirudi.

WhatsApp nayo, ikituma picha kwa njia ya kawaida, huibana tena. Picha ya harusi inayokwenda kuchapishwa itume kama faili, na ile ya awali usiifute.