Anayeanza kukimbia wakati wa joto ahesabu dakika, si kilomita

MIEZI ya Desemba hadi Machi ni ya joto kali jijini Dar es Salaam na katika mwambao wa Afrika Mashariki. Ndiyo miezi ambayo baadhi ya wakazi wa mijini huanza kukimbia, ama kwa azma ya mwaka mpya ya kupunguza uzito, ama kwa kujiandaa na mbio za Kilimanjaro Marathon zinazofanyika Moshi.

Wapo wanaokata tamaa mapema wakidhani hawana pumzi. Mara nyingi kinachowashinda si umbali, bali kasi wanayoanza nayo katika joto ambalo miili yao haijalizoea.

Misuli inapofanya kazi huzalisha joto jingi. Mwili huliondoa kwa kupeleka damu kwenye ngozi na kutoa jasho. Hata hivyo, jasho hupoza mwili pale tu linapokauka. Linalodondoka chini halisaidii. Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, hivyo jasho hukauka polepole. Moyo hulazimika kuhudumia misuli na ngozi kwa wakati mmoja, na mapigo yake huongezeka hata kama kasi ni ile ile.

Mwili unaofanyishwa mazoezi katika joto hulizoea kwa muda wa siku 10 hadi 14. Maji ya damu huongezeka, jasho huanza kutoka mapema na chumvi inayopotea hupungua. Mtu anayeshinda ofisini penye kiyoyozi hawezi kuyapata mazoea hayo pasipo kutoka nje.

Kwa sababu hiyo, anayeanza anashauriwa kupima zoezi kwa dakika. Wiki mbili za kwanza zinatosha siku tatu kwa wiki, dakika 20 kila siku: akimbie dakika moja, atembee mbili. Baadaye aongeze muda wa kukimbia kidogo kidogo, hadi aweze kukimbia dakika 30 mfululizo baada ya miezi miwili au zaidi. Kasi inayofaa ni ile inayomruhusu kusema sentensi nzima bila kutweta. Asiharakishe hata akijiona ana nguvu, kwani mifupa na kano huimarika taratibu kuliko moyo na mapafu.

Muda mzuri ni kabla ya saa 1 asubuhi, jua likiwa bado halijachoma. Nguo ziwe nyepesi. Kuvaa sweta au kujifunga plastiki tumboni ili kupungua haraka ni hatari na hakuna faida: kinachotoka ni maji, si mafuta, na uzito hurudi mtu anapokunywa.

Maji nayo yana kiasi chake. Utafiti kuhusu wakimbiaji 488 wa Boston Marathon ya mwaka 2002, uliochapishwa mwaka 2005, ulibaini kuwa asilimia 13 kati yao walikuwa na upungufu wa chumvi ya sodiamu katika damu, hali iliyohusishwa zaidi na kunywa kupita kiasi. Kwa mazoezi mafupi, kunywa kwa kufuata kiu kunatosha.

Anayehisi kizunguzungu, kichefuchefu au baridi ya ghafla juani aache kukimbia na akae kivulini. Akianza kuchanganyikiwa au akianguka, huenda joto la mwili limepita nyuzi 40, na hapo maisha yako hatarini. Wenzake wammwagie maji baridi mwili mzima na kumpepea papo hapo, huku usafiri wa kwenda hospitali ukitafutwa. Wasingoje kufika huko ndipo apozwe.

Wenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo wamwone daktari kabla ya kuanza. Waliobaki waanze polepole, na siku joto linapozidi, kutembea tu kunatosha.