Katuni za kale za kampeni za Marekani: Wakusanyaji wanatafuta nini?

Kabla ya redio na televisheni, wapiga kura wengi wa Marekani walimjua mgombea urais kupitia mkono wa mchora katuni. Leo karatasi hizo za karne ya 19 zinasakwa minadani na kwenye maduka ya vitabu vya zamani. Katika makala haya tunaeleza kwa nini zina thamani, na jinsi ya kuitambua iliyo halisi.

Kwa nini zina thamani?

Chukua tembo wa chama cha Republican. Thomas Nast alimchora katika jarida la Harper's Weekly la tarehe 7 Novemba 1874, uvumi ulipoenea kwamba Rais Ulysses Grant angetaka muhula wa tatu. Punda aliyevaa ngozi ya simba anawatisha wanyama wenzake, na tembo anakaribia kutumbukia shimoni. Hadi leo tembo ndiye nembo ya chama hicho.

Mwaka 1884, Bernhard Gillam wa jarida la Puck alimchora mgombea James G. Blaine akiwa na tatuu mwili mzima, zikitaja kashfa zake. Blaine alilikosa jimbo la New York, na urais pamoja nalo, kwa kura elfu moja na ushei kati ya zaidi ya milioni moja. Hatusemi katuni ndiyo iliyomwangusha, ila kwa pengo dogo hivyo, kila kejeli ilikuwa na uzito.

Halisi hutambuliwaje?

Kwanza, geuza karatasi. Ukurasa wa jarida mara nyingi una maandishi upande wa pili. Ukiwa mtupu, uliza zaidi. Pili, tumia lenzi. Michoro ya Nast ya miaka hiyo ilichongwa kwenye mbao, hivyo mistari yake haikatiki. Ukiona vitone vidogo vilivyojipanga safu kwa safu, hiyo ni nakala ya baadaye. Tatu, tazama rangi. Kurasa hizo za Harper's zilichapwa kwa wino mweusi. Rangi ikiwepo, mtu aliipaka baadaye. Puck ndilo lililochapa katuni za rangi.

Hatari iko wapi?

Iko kwenye mkasi. Baadhi ya wauzaji huchana majarida mazima ili wauze picha mojamoja. Picha iliyokatwa hupoteza tarehe na habari iliyoieleza. Nyingine ziliwadhihaki Wamarekani weusi na wahamiaji wa Ireland. Bila maelezo yake, chuki hiyo hugeuka mzaha mtupu.

Kwa hiyo ukinunua, dai toleo zima, au angalau ukurasa mzima wenye tarehe. Uhifadhi ukiwa umelazwa, mbali na jua, na usiubandike selotepu. Asiye na fedha anaweza kuzitazama nyingi bila malipo kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani.