Kisasi, Msamaha na Mkono wa Mchezaji

Katika michezo ya video, yaani hadithi zinazochezwa kwenye kompyuta, simu au mashine iliyounganishwa na runinga, kisasi kimekuwa kwa miaka mingi njia nyepesi ya kumsukuma mchezaji mbele: baba au mke wa mhusika mkuu huuawa mwanzoni, na yeyote atakayeuawa baada ya hapo huhesabiwa kuwa amestahili. Urahisi huo una gharama yake, kwani msomaji wa riwaya husoma tu habari za anayeua, ilhali katika mchezo panga halishuki mpaka mchezaji mwenyewe abonyeze kitufe.

Mazoea hayo yalitikiswa kwa ukali na The Last of Us Part II, mchezo wa kampuni ya Kimarekani ya Naughty Dog uliotoka mwaka 2020. Binti aitwaye Ellie anashuhudia mwanamke aitwaye Abby akimuua Joel, aliyekuwa kwake kama baba, naye anamfuata muuaji hadi Seattle, ambako maadui huitana kwa majina kila mwenzao anapoanguka. Katikati ya hadithi mchezaji ananyang'anywa Ellie na kukabidhiwa Abby, siku zilezile tatu za Seattle zinaanza upya upande wa pili, na kisasi cha Abby nacho kinaeleweka, kwa kuwa Joel ndiye aliyemuua baba yake, daktari wa upasuaji. Huo ndio utata wa kimaadili: hali ambayo haki na kosa vimechanganyika hata pasipatikane upande ulio safi. Mwishoni Ellie anamzamisha Abby majini, kitufe kikibonyezwa na mchezaji ambaye pengine hataki tena, kisha anamwachia, akiwa amepoteza vidole viwili na uwezo wa kupiga gitaa kama alivyofundishwa na Joel.

Undertale, kazi ya Toby Fox ya mwaka 2015, inampa mchezaji uhuru wa kumsamehe kila adui, na inakumbuka mauaji yake hata akianza upya. Hata hivyo, michezo hii miwili, pamoja na ubora wake, inauona msamaha zaidi kama kuuzuia mkono usipige.

Wasukuma, ambao makumbusho ya utamaduni wao yako Bujora, Kisesa, wilayani Magu, wana ngano inayokwenda mbali zaidi. Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yao, akasalia mjamzito mmoja aliyejificha kwenye makapi. Mwanawe, Masala Kulangwa, alipokua alilisaka, akarudi nyumbani mara na panzi, mara na ndege, akidhani ameliua, hadi alipoliua kweli na kulipasua, watu wakatoka wazima. Lakini kisu chake kilikata sikio la bibi kizee aliyekuwa tumboni humo, naye akamtukana na kujaribu kumroga. Masala Kulangwa alimtafutia dawa akamponya, na ndipo watu walipomfanya mtemi, yaani mtawala wao. Ngano hii inastahili heshima kubwa, kwa sababu inakiri kwamba hata kisasi cha haki humjeruhi asiye na hatia, na inamtwika mshindi kazi ya kutibu.

Kwamba masimulizi ya Kibantu yanaweza kuwa mchezo wa kisasa kumethibitishwa mwaka 2024 na Tales of Kenzera: ZAU, ulioongozwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya aliyeutunga kutokana na msiba wa baba yake, na ambao wahusika wake wanaweza kusikika wakizungumza Kiswahili. Ndani yake mhusika mkuu, Zau, anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, kwamba atamletea roho tatu kuu ili arudishiwe baba yake. Atakayeitengenezea mchezo ngano ya Masala Kulangwa, awe Kisesa au Nairobi, atashawishika kuumaliza zimwi linapokufa, kama ilivyozoeleka. Afadhali auongezee sura nzima ya kutafuta dawa, mchezaji akitukanwa njia nzima na kitufe cha kupiga kikiwa bado kinafanya kazi.