Woga wa Usukani Unashindika

Ilikuwa saa nane usiku, hapa Morogoro. Mtoto wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka minne, alishikwa na degedege kutokana na homa kali. Baba yake alikuwa Mtwara kikazi. Gari lao lilikuwa uani, lina mafuta, na funguo zilikuwa mezani. Mwendesha bodaboda tuliyemzoea alipigiwa simu mara tatu, hakupokea.

Akina mama wanne tulisimama kulizunguka gari lile. Mmoja ni mwalimu mstaafu aliyefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Mwingine ana duka la vitambaa, mwingine ni mshonaji, na wa nne ni mama wa mtoto mwenyewe, karani wa ofisi. Kwa umri wote huo na elimu yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyeweza kulitoa gari uani. Tulimtuma kijana mdogo akamwamshe dereva mtaa wa pili, na hadi anafika, zaidi ya nusu saa ilikuwa imepita.

Mtoto alitibiwa akapona, nasi tunamshukuru Mungu. Lakini asubuhi yake hakuna aliyetaka kulitazama lile gari. Hatukuweza kusema kwamba tulikosa nafasi ya kujifunza. Nafasi tulikuwa nayo kwa miaka mingi. Kilichotuzuia ni woga.

Tumeandika makala haya kwa ajili ya mama mwenzetu ambaye kila siku hukaa kiti cha pembeni, anatamani kujifunza, lakini moyo wake humwambia, "Wewe huwezi."

Woga huu unatoka wapi?

Tulipokaa kuzungumza juu ya jambo hili, tuligundua kwamba kila mmoja wetu ana woga wake. Mwalimu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 58, aliamini kwamba kichwa chake kimekwisha kuchoka na hakiwezi kupokea jambo jipya. Mwenye duka aliwahi kuona ajali mbaya akiwa msichana, na picha ile haikumtoka. Mshonaji alifundishwa na mumewe Jumapili moja, miaka kumi iliyopita. Mume alipiga kelele, naye alifungua mlango, akaliacha gari katikati ya barabara, akarudi nyumbani kwa miguu. Tangu siku hiyo hakugusa usukani. Mama wa mtoto aliogopa kuchekwa na vijana wa kituo cha daladala.

Hatuna budi kutofautisha woga wa aina mbili. Kuna woga ulio wa haki. Mtu anayeogopa kumgonga mtoto wa mwenzake ana akili timamu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 katika kila sekunde moja. Ukigeuza macho kwa sekunde mbili kutazama simu, umekwisha kwenda mita 28 bila kuona mbele. Woga wa namna hii ni mwalimu mzuri. Hutufundisha kupunguza mwendo na kuacha nafasi.

Lakini kuna woga mwingine unaosema, "Mimi ni mjinga, nitaaibika, jambo hili si la watu kama mimi." Huu haumfundishi mtu kitu chochote. Kazi yake ni kumfunga.

Je, gari ni la wanaume?

Wengi wetu tumelelewa tukiona baba yuko kwenye usukani na mama yuko pembeni, ameshika mtoto na kikapu. Basi tukadhani ndivyo mambo yalivyoumbwa. La hasha!

Mwezi wa Agosti mwaka 1888, mama mmoja wa Ujerumani aliyeitwa Bertha Benz, mwenye umri wa miaka 39, alilichukua gari la magurudumu matatu lililobuniwa na mumewe, Karl Benz, bila kumwaga. Pamoja na wanawe wawili, alisafiri kutoka Mannheim hadi Pforzheim, mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Kabla ya hapo magari ya injini yalikuwa yakijaribiwa kwa mwendo mfupi tu. Vituo vya mafuta havikuwapo, hivyo alinunua mafuta kwenye duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia yake. Breki zilipolika, alikwenda kwa fundi viatu akazifunika kwa ngozi. Kwenye vilima vikali, watoto walishuka wakasukuma. Hiyo ndiyo safari ndefu ya kwanza ya gari inayojulikana, na dereva alikuwa mama wa watoto.

Kuna nchi ambako wanawake walizuiwa kuendesha. Huko Saudi Arabia hawakuruhusiwa hadi tarehe 24 Juni 2018. Sisi hapa Tanzania, sheria haimuulizi mtu kama ni baba au mama. Inauliza kama umetimiza umri, umejifunza, na umefaulu. Mlango uko wazi, nasi wenyewe ndio tuliokuwa tumesimama nje.

Tulivyoanza

Jambo la kwanza tuliloamua ni kutowaomba waume zetu watufundishe. Mume anaweza kuwa dereva hodari, lakini kuendesha ni jambo moja na kufundisha ni jambo jingine. Akiona gari lake linarukaruka, husahau kwamba wewe ni mwanafunzi. Basi tulichanga akiba yetu kidogo kidogo, tukajiandikisha kwenye shule ya udereva sote wanne kwa siku moja, tukachukua leseni za kujifunzia. Tulijua kwamba anayeanza peke yake huacha peke yake.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mtaratibu. Siku ya kwanza hakuwasha gari. Alituketisha mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva, akatufundisha kusogeza kiti hadi miguu ifike vizuri, kurekebisha vioo vitatu, na kufunga mkanda. Kisha tukakanyaga klachi, breki na mafuta, gari likiwa limezimwa, hadi miguu ikazijua sehemu zake bila macho kusaidia. Tulikaa saa nzima hatujakwenda hata hatua moja, lakini tulishuka bila kutetemeka.

Siku ya pili alitueleza klachi ni kitu gani. Injini huzunguka hata kama gari limesimama. Klachi ndiyo inayoiunganisha injini na magurudumu, au kuitenganisha. Ukikanyaga, umetenganisha. Ukiachia ghafla, magurudumu yaliyosimama huishinda nguvu injini, nayo huzimika. Kwa hiyo achia taratibu, na pale utakapohisi gari linataka kusogea, tulia kidogo, ongeza mafuta, ndipo uachie yote.

Maelezo hayo mafupi yalituondolea mzigo mkubwa. Kumbe gari likizimika si kwa sababu dereva ni mjinga! Ni mguu umekwenda haraka, basi. Mzee alizoea kutuambia, "Gari likizima halijafa. Washa tena." Asubuhi ya kwanza uwanjani, mwenye duka lilimzimikia mara kumi na moja. Tulihesabu kwa sauti, tukacheka, naye akacheka. Siku ya tatu lilizimika mara mbili tu.

Kutoka uwanjani tulikwenda kwenye barabara za mitaa, alfajiri, kabla watu hawajawa wengi. Hapo tulijifunza kwamba macho ndiyo yanayoendesha gari. Mwoga hutazama boneti, na gari huyumba. Ukitazama mbali, kule unakotaka kwenda, mikono hufuata yenyewe. Kisha tulifanya mazoezi ya kuondoka mlimani, kwenye barabara inayopanda kuelekea milima ya Uluguru. Breki ya mkono imevutwa, gia ya kwanza, klachi inaachiwa polepole hadi pua ya gari inyanyuke kidogo, ndipo breki ya mkono inashushwa. Huko ndiko tulikotoka jasho hasa.

Siku iliyoogopwa ilipofika

Wiki ya nne tulifika kwenye makutano ya Msamvu, mahali zinapokutana barabara za Dar es Salaam, Dodoma na Iringa. Aliyekuwa kwenye usukani ni mshonaji. Gari lilizimika katikati ya foleni. Nyuma yake daladala ilipiga honi, bajaji zikapita kushoto na kulia, na mtu mmoja akapaza sauti, "Mama, rudi jikoni!"

Tuliona mkono wake ukienda kwenye kitasa cha mlango. Ilikuwa Jumapili ile ile ya miaka kumi iliyopita imerudi. Mzee hakupiga kelele. Alisema polepole, "Breki ya mkono. Gia huru. Washa." Machozi yakimtiririka, alivuta breki ya mkono, akarudisha gia huru, akawasha. Gari likaondoka.

Alipoegesha mbele kidogo alilia vizuri, kisha akasema neno ambalo hatujalisahau. "Jambo nililoliogopa kuliko yote limenipata leo, na bado niko mzima." Kuanzia siku hiyo alikuwa dereva mtulivu kuliko sisi sote.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa letu la miaka yote. Tulikuwa tukisubiri kwanza tupate ujasiri, ndipo tujifunze. Lakini ujasiri hauji kabla ya kazi. Huja baada ya kuifanya vibaya, na kuirudia, na kuona kwamba kosa lina marekebisho yake. Mtu hawezi kukupa kwa maneno, hata akikwambia mara mia, "Usiogope."

Mtihani wa polisi wa usalama barabarani watatu tulifaulu. Mwalimu mstaafu alishindwa kurudi nyuma katikati ya vigingi. Yeye aliyewasahihisha watoto wa watu miaka yote, sasa alisahihishwa yeye. Alikaa kimya siku mbili. Siku ya tatu tulimkuta uwanjani amepanga madumu matupu, anarudi nyuma, anakwenda mbele, anarudi nyuma, na mzee wetu kando yake. Mara ya pili alifaulu.

Mashauri kwa mama anayeanza

1. Tafuta mwenzako wa kujifunza naye. Aibu ya watu wawili ni nyepesi kuliko ya mtu mmoja.

2. Chagua mwalimu asiyefoka. Kama anakutukana, badilisha mwalimu, usiache kujifunza.

3. Pima macho kabla ya kuanza. Wengine hudhani ni waoga kumbe hawaoni alama za mbali.

4. Jifunze jambo moja kwa siku, na umalize kila somo kwa jambo unalolimudu, ili urudi nyumbani na moyo mkunjufu.

5. Usiendeshe bila leseni ya kujifunzia, bila alama ya L, wala bila mtu mwenye leseni kando yako. Kujifunza kwa kuiba huongeza woga.

6. Ukipigiwa honi, usikimbie. Honi haina breki wala usukani. Vyote hivyo viko kwako.

7. Ukishapata leseni, endesha kila wiki, hata kama ni kwenda sokoni tu. Tumewaona wenzetu walioweka leseni kabatini, na baada ya mwaka woga ukawarudia wote.

8. Kama klachi imekushinda kabisa, gari la otomatiki si aibu. Sheria za barabarani ni zile zile.

Mpendwa msomaji, hatusemi kwamba sasa hatuogopi kitu. Mwenye duka hasafiri usiku kwenda Dar es Salaam, kwa sababu taa za malori humchosha macho, na hiyo ni busara. Kila mtu ajue kipimo chake.

Miezi saba baada ya usiku ule wa degedege, binti wa jirani alishikwa na uchungu wa kuzaa saa tano usiku. Safari hii hatukusimama kulizunguka gari. Mwalimu mstaafu ndiye aliyekuwa karibu na funguo. Alifunga mkanda, akarekebisha vioo vyake vitatu bila haraka, tukaomba kwa ufupi, akaondoka. Alikwenda kwa gia ya pili karibu njia nzima, lakini alifika, na mtoto wa kike alizaliwa kabla ya mapambazuko mikononi mwa wakunga.

Tulimuuliza kesho yake kama hakuogopa. "Niliogopa sana," akasema. "Lakini mguu ulikuwa unajua la kufanya."

Nawe mama, kama funguo ziko mezani kwako, usingoje usiku wa dharura ndipo utamani kujifunza. Anza wiki hii, mchana kweupe, gari likiwa limezimwa. Kaa tu kwenye kiti cha dereva. Hiyo ni hatua ya kwanza, na sisi tulianzia hapo hapo.