Nakwenda kwenye matanga, hakuna aliyekufa

Nilipomwambia mama kwamba Julai nakwenda kwenye matanga huko Nkome, alishika kiuno akauliza nani kafa. Sikumlaumu. Kiswahili kimelipa neno hilo kazi mbili, kilio na vyombo vya upepo, na sisi wa Shinyanga, watu wa ng'ombe, pamba na almasi ya Mwadui, tunaijua ile kazi ya kwanza tu. Ikabidi nifafanue: tanga, mama, lile turubai linalofungwa kwenye mlingoti likasukumwa na upepo. Hapo ndo akashtuka kweli kweli. Binti yake sijui kuogelea.

Hivi washikaji, mmeshawaona wazungu kwenye majarida wakiwa juu ya zile mashua nyeupe za starehe wanazoziita yoti? Ugiriki, Uturuki, huko. Wiki nzima kazi yao ni kuzunguka visiwa. Leo wanalala chini ya ngome ya enzi za mababu, kesho kisiwa kingine, wanakula samaki, wanaungua jua kwa makusudi. Huku kwetu raha hiyo ipo Lamu, ipo Kilwa na Mafia, majahazi yanapepea na wageni wanalipa. Sasa mapedeshee wetu wa Geita na Kahama, duara likitema tu, mtu anakimbilia Dubai au Zanzibar, anarudi na picha mia mbili na deni. Sina ugomvi nao, mapene ni yao. Ninachouliza ni kimoja: pale Nkome, ambapo unafika kwa gari za abiria kutoka Geita mjini, ziwa lote lile na visiwa vyote vile, nani kasema ni kwa ajili ya sangara na dagaa tu?

Basi tukachanga watu watano. Mimi, dada mmoja fundi cherehani wa Kahama, vijana wawili tuliomaliza wote kidato cha nne, na mshikaji mmoja mchimbaji wa Nyarugusu ambaye mwezi ule alikuwa na hela za kutosha kutuudhi. Mpango ulikuwa kukodi mtumbwi wa tanga pale Nkome, tuambae na visiwa kuelekea magharibi, tukatokee mwalo wa Kasenda upande wa Chato, na kutoka pale tuingie Hifadhi ya Rubondo kihalali kwa boti. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ambayo huyo mshikaji humaliza Jumamosi moja kwa kununulia meza nzima bia.

Msije mkadhani historia ni mali ya pwani peke yake. Ziwa hili Speke aliliona tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake, kana kwamba wenyeji walikuwa wanaliita "lile pale". Mwaka 1875 akaja Stanley na kituko cha aina yake: mashua ya mbao inayoitwa Lady Alice, imekatwa vipande, imebebwa mabegani na wapagazi kutoka Bagamoyo, ikapita Usukuma kwetu huku hadi Kageyi, karibu na Mwanza. Pale vipande vikaunganishwa, na Machi 8 wakapandisha tanga, yeye na watu kumi na moja. Walizunguka ziwa zima kwa siku karibu sitini, wakathibitisha kwamba ni ziwa moja, si madimbwi matano yaliyokaribiana. Picha ikatoka ya Stanley. Waliobeba, waliopiga makasia na kushika usukani walikuwa watu wa Unguja na Mrima. Na safari haikuwa ya starehe: kule kisiwa cha Bumbire waligombana na wenyeji, na Agosti mwaka huohuo Stanley akarudi na bunduki kulipiza, watu wakafa wengi. Ghuba tuliyokuwa tunaikatiza sisi nayo ina jina la mgeni, Emin Pasha, Mjerumani aliyepata upasha kwa kuitumikia Misri, aliyeanzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 na kuuawa Kongo mwaka 1892. Watu wa Nkome wanasema tu "ziwani". Inatosha.

Nahodha wetu alikuwa mzee wa Kizinza, mkimya, mikono kama mizizi ya mti. Chombo chenyewe ni mtumbwi wa mbao wa kuvulia, umepakwa lami kwenye maungio, tanga limeshonwa kwa sandarusi za mbolea, kiasi kwamba ukilala chali unasoma kilo hamsini, kilo hamsini, mpaka juu ya mlingoti. Yoti yetu hiyo. Mzee alitusalimia "mwangaluka", akatuangalia viatu, akaniuliza kama tuna maboya. Kila mmoja wetu alikuwa nalo, tulikodi Geita, na nilikuwa nimeapa kwa mama kwamba nitalala nalo. Mzee akasema vizuri, maana wengine huja na spika ya muziki badala ya boya.

Tuliondoka saa kumi alfajiri, na sababu ya saa hiyo mbaya ni kitu ambacho shuleni nilikikariri na kukijibu kwenye mtihani bila kukielewa. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, kwa hiyo upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mchana nchi inachemka, upepo unageuka, unatoka ziwani kuja nchi kavu. Wavuvi hawana haja ya kitabu: upepo wa usiku unawatoa, wa mchana unawarudisha nyumbani na samaki. Mtandao wa usafiri wa bure, hauna mafuta wala mgomo. Juu yake mwezi wa sita hadi wa nane kuna upepo wa kusini-mashariki unaovuma kwa nguvu, na huo ndiyo wa kuuheshimu.

Jamani, kile kimya. Injini hakuna. Unasikia maji yanavyonong'ona chini ya mbao, kamba inalia kidogo, halafu basi. Dada wa cherehani alisema tangu azaliwe hajawahi kukaa mahali ambapo hakuna kinachonguruma, na mshikaji wa Nyarugusu, aliyezoea karasha zinazosaga mawe usiku na mchana, akalala kama mtoto. Jua likatoka nyuma yetu. Kulia kwetu Maisome na msitu wake, mbele visiwa vidogo vya mawe vyeupe kwa kinyesi cha mnandi, tai mlasamaki anapiga kelele juu ya mti mkavu. Kwenye saa tatu upepo ukafa kabisa, vijana wakashika makasia, tukachoma sato juu ya jiko la mkaa lililowekwa kwenye karai la mchanga katikati ya mtumbwi. Ugali wa muhogo. Sitaeleza zaidi, nitaonekana najisifu. (Na dada zangu mtakaouliza kuhusu choo: unamwomba nahodha, anasogeza chombo kwenye kisiwa, unakwenda nyuma ya jiwe. Basi.)

Mchana ndo mambo yakabadilika. Maji yaliyokuwa ya bluu yakawa meusi kwa mbali, na juu ya ule weusi vidoti vyeupe. Mimi niliona pazuri pa kupiga picha. Mzee hakusema neno, alitoa ishara moja, tanga likashuka, likabaki pembe tu, na mtumbwi ukageuzwa kuelekea kisiwa kidogo chenye kambi ya dagaa. Mshikaji wetu akaamka, akatazama saa. Alikuwa na miadi Kasenda na mtu wa biashara jioni ile.

"Mzee wangu, twende tu. Nakuongezea. Taja bei."

"Mjukuu wangu, upepo haupokei hela."

"Basi nazidisha mara mbili."

Mzee akaendelea kumwaga maji kwa kopo. Jamaa akatoa burungutu, akaanza kuhesabu pale pale, mawimbi yanatupiga ubavuni, yeye anahesabu. Sijawahi kuona noti zikionekana za kipuuzi namna ile. Huko machimboni mwenye hela ndiye anayeamua lini watu washuke shimoni na lini wapande. Mle mtumbwini alikuwa abiria wa tano.

Nilikuwa upande wa mzee, na sababu ninayo. Sisi kanda hii tuna majina mawili ya vyombo ambayo hatuyataji tukicheka. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, ilizama ikikaribia Mwanza na kuchukua mamia ya watu. Karibu kila mtaa wa Mwanza na Bukoba kuna nyumba iliyoguswa. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka ikiwa inakaribia Ukara ikitoka Ukerewe, imejaza watu na mizigo kupita uwezo wake, na waliokufa wakafika 228. Zote hizo si vyombo vya tanga, ni vyombo vya injini na tiketi. Yule mama wa kwanza kuuliza "nani kafa" hakuwa anachekesha, alikuwa na kumbukumbu.

Tulikaa kisiwani mpaka usiku. Jamaa alinuna kama saa mbili hivi, halafu nikamkuta anawasaidia akina mama wa kambini kugeuza dagaa kwenye nyavu za kuanikia, anaulizia bei ya debe, anapiga hesabu ya faida. Mchimbaji ni mchimbaji. Upepo ulipotulia, mitumbwi ya dagaa ikatoka, na kufikia saa nne usiku ziwa lote likawa mji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa. Sasa wengi wanatumia taa za umeme wa jua, nyeupe, zinaelea juu ya maboya, na dagaa wanaifuata nuru mpaka wavuni. Tulihesabu taa tukachoka. Kutoka ufukweni ungesema ni Mwanza imehamia majini.

Asubuhi ya pili ndiyo tuliiona Rubondo vizuri, kijani kizito hadi kwenye maji, hakuna moshi hata mmoja. Mzee aliusogeza mtumbwi mbali nayo, maana mpaka wa hifadhi unaingia majini na uvuvi mle ni marufuku. Ni mazalia ya samaki, na mtumbwi wa tanga ukionekana ndani askari wa wanyamapori hawaulizi kama mmekuja kustarehe. Tukiwa tunaambaa kwa mbali hivyo, mzee akasema, kama anayeongea na usukani, kwamba babu yake alizaliwa pale. Wazinza waliishi kisiwani humo, wakalima na kuvua. Mwaka 1965 kikawa pori la akiba, watu wakahamishiwa visiwa vya jirani na nchi kavu, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa. Nikamuuliza kama aliwahi kurudi kuona makaburi. Akasema anayaona kila wiki, kutoka hapa. Hakuna aliyeongeza neno, na hata yule mwenye burungutu alivua kofia.

Wakati huohuo watu wanahamishwa, wengine walikuwa wanaletwa. Kati ya 1966 na 1969 Profesa Grzimek wa Frankfurt alileta sokwe 17 kutoka kwenye zoo na kwa watu waliowafuga huko Ulaya, waliozoea kulishwa, akawafungulia msituni. Wakajifunza kujenga viota na kutafuta matunda, wakazaa, na wajukuu wao wanaishi mle mpaka leo, wakali na waoga wa watu kama sokwe wa kawaida. Twiga na tembo nao walipelekwa. Viboko, mamba na nzohe ndo wenyeji. Mwaka 2000 wakaachiwa humo kasuku wa kijivu waliokamatwa kwa walanguzi. Ni kisiwa cha wahamiaji kuliko Kariakoo.

Tukafika Kasenda saa sita. Mzee alipokea malipo yale yale tuliyokubaliana Nkome, na jamaa alipojaribu kumwongezea, alichukua kiasi cha kununulia mafuta ya kupikia, akarudisha kilichobaki. Alipumzika chini ya mti hadi giza liingie, arudi kwa upepo wa usiku. Sisi kesho yake tukapanda boti ya injini kwenda Rubondo, kwa utaratibu na kiingilio, na chini ya saa moja tulikuwa tumefika. Sokwe hatukuwaona, tuliwasikia tu wakipiga kelele. Nzohe tulimwona, kasimama kwenye matete, maji magotini.

Mnaotaka kwenda, haya. Kutoka Mwanza sasa hamna haja ya kusubiri kivuko, daraja la Kigongo hadi Busisi, kilomita tatu, lilifunguliwa Juni 2025. Angalieni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wanatoa wa Ziwa Victoria peke yake. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, usiku kuna radi na dhoruba katikati ya ziwa, acheni. Kuogelea kandokando kwenye matete ni kujiitia kichocho, wale konokono wapo, na mamba nao; ukirudi pitia zahanati upime. Boya kwa kila kichwa, hata kama unaogelea kama kambale. Na bebeni sweta, saa kumi alfajiri katikati ya maji ni baridi ambayo Shinyanga hatuijui.