Intaneti Moja, Watumiaji Wengi

Wanakikundi, laini ya intaneti ni kama mfereji wa shamba: kijana mmoja akifungulia video, mweka hazina anayetuma hesabu benki hukwama. Ruta yaweza kugawa, mradi ijue kipi ni cha nani. Siku hizi video na kurasa za benki hupitia mlango mmoja, namba 443, zikiwa zimefichwa kama barua ndani ya bahasha. Kwa hivyo sisi twaona afadhali kutenga kwa mashine: kompyuta ya mweka hazina mbele, simu za vijana nyuma.

Halafu, na hapa wengi hukosea, kama laini ni megabiti 10 kwa sekunde, iwekeeni ruta kikomo cha 9. Mkiacha bila kikomo, foleni hujipanga kule kwa kampuni inayowauzia, ambako hamna amri. Vijana watanung'unika, lakini mweka hazina akimaliza, zote 9 ni zao.